Lori la dizeli likikwama usiku: fundi wa kuitwa barabarani afanye nini, na nini kiachiwe gereji?

Msimamizi wa Malori anauliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninasimamia malori ya mizigo yanayosafiri usiku na mchana, mengine ya zamani yenye pampu ya dizeli isiyo na umeme wowote, na mengine mapya ambayo hata kuwaka kwake kunaamuliwa na kompyuta. Utaratibu wetu hadi sasa ni kumpigia fundi yeyote aliye karibu pindi gari linapokwama, na matokeo yake hayatabiriki: mara fundi anafika na spana zake akakuta kinachohitajika ni kifaa cha kusoma kompyuta, mara anafika na kifaa hicho akakuta kilichoharibika ni mpira wa upepo ambao hakuubeba. Sasa tunataka kuingia makubaliano na watoa huduma wa kudumu, wanaopokea simu saa 24 na kulifuata lori lilipo.

Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Kwanza, ni matengenezo yapi yanayoweza kufanyika kwa uhakika kando ya barabara, na ni yapi ambayo fundi mwangalifu atayakataa hata akibembelezwa? Pili, dereva aseme nini katika simu ya kwanza ili fundi apakie vifaa sahihi kabla hajaondoka? Madereva wangu wengi husema tu kwamba gari limezima au halivuti, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza fundi anataka kusikia nini.

Fundi wa Zamu ya Usiku anajibu:

Ndugu Msimamizi, nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua la kwanza. Gari la huduma halibebi gereji nzima, na kazi nyingi hushindikana barabarani kwa sababu tu kifaa kinachohitajika kilibaki rafuni.

Dereva akiniambia gari limezima, ninachotaka kujua ni kilichotokea alipojaribu kuliwasha tena. Ikiwa stata inazungusha injini kwa nguvu lakini haiwaki, nitapakia filta za dizeli, chombo cha kukinga mafuta na mipira ya njia ya mafuta, maana hapo nashuku filta iliyoziba, maji ndani ya dizeli au hewa iliyoingia kwenye mfumo. Ikiwa stata inagonga bila kuzungusha, nitapakia betri na nyaya nene za kuwashia. Ikiwa ni kimya kabisa, nitamwomba akague swichi kuu ya betri na kuhakikisha gia iko huru kabla sijachoma mafuta kumfuata, kwa maana kimya cha namna hiyo mara nyingi huisha kwenye simu.

Lori lisilovuta nalo lina maswali yake. Je, lilipoteza nguvu ghafla kwa mlio wa kupasuka, likafuatiwa na moshi mweusi? Huenda mpira wa turbo umechomoka, na kazi hiyo ni ya dakika chache kwa mwenye klipu ya saizi sahihi. Je, nguvu ilipungua taratibu, hasa mlimani? Hiyo inanielekeza kwenye filta. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma wakati injini imeshapata joto ni dizeli isiyoungua au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na hilo la mwisho si la kando ya barabara hata kidogo.

Kwa malori mapya yapo maelezo yenye thamani kuliko yote, nayo yako mbele ya macho ya dereva. Malori mengi makubwa huandika hitilafu kwa mfumo wa J1939, ambamo kila kosa lina namba mbili: SPN, inayotaja sehemu au kipimo kinachohusika, na FMI, inayotaja namna kilivyokosea. Chukua SPN 100, ambayo ni presha ya oili ya injini. Ikija na FMI 1, kompyuta inasema kwamba kipimo kinaaminika na presha imeshuka mno, kwa hiyo injini isiwashwe tena, hata kwa kuisogeza hatua chache. SPN 100 hiyo hiyo ikija na FMI 3 au 4, umeme wa kihisio (sensa inayopima presha hiyo) umepanda au umeshuka nje ya kiwango chake, nami nitashuku waya au kihisio, ingawa bado nitafunga geji ya mkono kuithibitisha presha kabla ya kumruhusu dereva aondoke. Dereva anayepiga picha ya dashibodi na kunitumia kabla hajazima swichi ananipunguzia nusu ya kazi.

Sasa yanayowezekana barabarani. Mkanda wa feni, mipira ya maji na ya upepo, filta, stata, alteneta, betri, fyuzi na rilei, taa, valvu nyingi za breki na vali ya kusaidia klachi ni kazi za kawaida. Katika mfumo wa umeme wa volti 24 huwa naanza na kipimo kabla ya spana: injini ikiwa inanguruma, nitarajie kuona takribani volti 28 kwenye betri, nikiona 24 na zinazidi kushuka, alteneta haichaji, na kitu cha kwanza kukagua ni mkanda wake. Mfumo huo una betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo, hivyo mtu asije akachukua umeme wa gari dogo la volti 12 akauunganisha nazo kwa pamoja.

Kuhusu hewa kwenye dizeli, nisisitize tofauti ambayo inaumiza watu. Kwenye injini ya zamani, fundi hulegeza nati ya bomba kwenye nozeli, msaidizi akazungusha stata, hewa ikatoka kwa povu mpaka mafuta yakaja safi. Injini za reli ya pamoja, yaani zile ambazo bomba moja la presha kubwa hulisha nozeli zote, hazifanyiwi hivyo. Nyingi kati yake zinafikisha presha inayozidi baa 1,600, na mchirizi mwembamba wa dizeli kwa presha hiyo hutoboa glovu na ngozi bila mtu kuhisi maumivu makubwa mwanzoni. Jeraha linaonekana kama kitone tu, kumbe ni la kukimbizwa kwenye upasuaji saa hiyo hiyo. Hizo hutolewa hewa upande wa presha ndogo, kwa pampu ya mkono iliyopo kwenye filta au kwa pampu ya umeme, kisha stata inazungushwa kwa vipindi visivyozidi nusu dakika na kupumzishwa dakika mbili hivi ili isiungue.

Ninayoyakataa ni kufungua kichwa cha silinda, kushusha gia boksi, kubadilisha beringi za kranki na kugusa ndani ya pampu ya presha kubwa. Vumbi lisiloonekana kwa macho linatosha kuua nozeli mpya kabla haijamaliza safari. Mteja akinisihi nifungue pampu hiyo chini ya mti kwa mwanga wa tochi, ninamwitia gari la kuvuta.

Dereva wa Masafa anajibu:

Fundi ameeleza vizuri, lakini mpangilio wake unaanzia kwenye injini, na sisi tulio nyuma ya usukani tunaanzia mahali gari liliposimama. Swali la kwanza kwenye simu liwe hili: lori liko wapi, limetoka barabarani kabisa au tela bado liko njiani, na je, lipo kwenye kona, mteremko au daraja? Fundi anayefanya kazi upande unaopitwa na magari usiku anahitaji kujua hayo zaidi ya rangi ya moshi, na kuna mahali ambapo jibu la busara ni kulivuta lori hadi sehemu salama kwanza, hata kama tatizo ni mkanda wa feni tu. Pembetatu za kuakisi ziwekwe mbali vya kutosha kwa lori lingine lililobeba mzigo kuweza kusimama, na kwenye kona ziwekwe kabla ya kona yenyewe.

Pili, picha ya dashibodi ni jambo jema, ila inaweza kumpumbaza fundi. Wapo wanaofika na jibu mfukoni. Wanasoma namba, wanabadilisha kihisio, wanafuta kosa na kuondoka, halafu taa inarudi kabla dereva hajafika kwenye kituo kinachofuata, kwa sababu waya ulikuwa umechubuliwa na fremu na hakuna aliyeufuata kwa mkono. Msimamizi, weka sharti kwamba hitilafu zote ziandikwe au zipigwe picha kabla ya kufutwa.

Niongeze la matairi, kwa kuwa ndiyo simu nyingi zaidi kuliko za injini. Tairi la lori lililotembea likiwa chini ya asilimia 80 ya upepo unaotakiwa lihesabiwe kuwa limetembea bila upepo. Nyuzi za chuma za ubavuni huenda zimeshavunjika ndani, na ukilijaza tena linaweza kupasuka kwa mstari mmoja mrefu na kumuua aliyesimama mbele yake. Litolewe, likaguliwe ndani, na lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma, fundi akiwa pembeni na mpira mrefu mkononi. Fundi anayeongeza upepo tu huku amechuchumaa mbele ya tairi, mimi namwondoa. Na gurudumu lililofunguliwa barabarani likazwe upya baada ya kilomita 80 hadi 160, hata kama fundi alitumia spana ya kupima nguvu ya kukaza.

Msimamizi wa Malori anaandika tena:

Nawashukuru sana. Hilo la kufuta makosa limenigusa, kwa maana ndilo linaloturudisha barabarani mara mbili kwa tatizo lile lile. Nina moja zaidi. Tumewahi kupata lori lililogoma kusogea kwa sababu upepo wa breki umeisha, na fundi akataka kulivuta hivyo hivyo kwa mnyororo. Je, kuna njia sahihi?

Mkaguzi wa Breki anajibu:

Ndugu Msimamizi, lori hilo halikuharibika breki. Breki zilifanya kazi yake. Kwenye magari haya, breki ya kuegesha hushikwa na springi nzito, na upepo ndio unaoifungua. Mfumo ukiwa mzima hukaa karibu na baa 8 hadi 10, onyo hulia presha inapokaribia baa 4, na ikiendelea kushuka springi huanza kushika magurudumu zenyewe. Ukilivuta kwa nguvu hapo utaburuza matairi, utaunguza viatu vya breki, na mnyororo ukikatika utaruka usikojua.

Njia ya kwanza ni kuupata upepo. Fundi aje na kompresa, au na mpira wa kuazima upepo wa lori lingine, ajaze mitungi, kisha asikilize unakovuja. Sabuni ya maji kwenye maungio bado haijapata mshindani. Bomba la nailoni lililopasuka hukatwa na kuungwa kwa kiungio cha saizi yake, na kwa sababu hiyo gari la huduma lisiloweza kutoa viungio vya milimita 6, 8, 10 na 12 halistahili kuitwa usiku.

Ikishindikana, springi hufungwa kwa boliti maalumu inayoingizwa nyuma ya chemba ya breki. Kabla ya kuigusa, kabari ziwekwe kwenye magurudumu na lori liunganishwe na gari la kuvuta, kwa maana ukimaliza kukaza boliti ya mwisho hakuna kitakacholizuia lori hilo kuteremka. Chemba yenyewe isifunguliwe barabarani. Springi iliyomo imebanwa kwa nguvu ya kuua mtu, na mwenye haraka aibadilishe chemba nzima.

Kisha, kabla ya kulivuta kwa umbali wowote wa maana huku magurudumu ya nyuma yakiwa chini, propela shafti (mhimili unaotoka gia boksi kwenda ekseli ya nyuma) ifunguliwe au shafti za ekseli zitolewe. Katika gia boksi nyingi, oili husambazwa na shafti zinazozungushwa na injini. Injini ikiwa imezima na magurudumu yakizungusha upande wa nyuma peke yake, gia zinasagana kavu. Watu wamevuta lori lenye stata mbovu na kulifikisha gereji likiwa na gia boksi iliyokufa.

Fundi wa Zamu ya Usiku anajibu tena:

Nakubaliana na Mkaguzi, na hoja ya Dereva kuhusu mahali pa kusimama naipokea. Ninayo kwenye maswali yangu ya simu, ila ni kweli inastahili kutangulia.

Kwa upande wa makubaliano, Msimamizi, usiridhike na tangazo la saa 24. Piga simu saa nane usiku, siku isiyo na tatizo, uone anayepokea ni fundi wa zamu au mtu anayeandika ujumbe hadi asubuhi. Uliza jeki yao ina uwezo wa tani ngapi, kifaa chao kinasoma aina zipi za malori yako, na kama wanabeba kompresa. Kwa malori yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi, uliza pia wanayachoma wapi masizi yaliyomo wakati lori limeegeshwa, maana joto lake huweza kupita nyuzi 600 na anayewasha zoezi hilo juu ya nyasi kavu atawasha na mengine.

Upande wako, kila lori liwe na karatasi kwenye mlango wa dereva yenye namba ya chasisi ya herufi na tarakimu 17, aina ya injini na ya gia boksi, saizi ya matairi na namba za filta zake. Muuza vipuri akiamshwa usiku, swali lake la kwanza ni namba hiyo ya chasisi, na dereva asiyekuwa nayo atalazimika kuitafuta kwa tochi kwenye fremu yenye matope huku fundi akisubiri.