Wembe wa babu, wembe wa kupachika au mashine: anayeanza abaki na upi?

Mtu wa Mlimwa
Wakuu, salaam. Hii ni wiki ya tatu najifunza kujinyoa ndevu kwa wembe mrefu, ule wa kukunja, na kidevu changu kwa sasa kinafanana na kiazi kilichomenywa na mtoto. Mashavu nimeshayaweza. Shida ni kidevu na hapa chini ya taya: damu haikosi, na siku ya pili shingo inajaa vipele.

Vifaa ninavyo vitatu, ndiyo maana nimefungua uzi. Kwanza wembe wa marehemu babu, umeandikwa Solingen, nimeutoa kwenye sanduku la bati kijijini Mvumi. Pili ule wa vinyozi, kishikio cha chuma unachopachika nusu ya wembe wa kawaida. Tatu mashine ya wembe, ile unafungua kichwa, wembe unakaa mzima katikati.

Hadi sasa naona hivi. Wa babu unateleza vizuri siku ukiamka vizuri, siku nyingine unang'oa ndevu badala ya kukata. Wa kupachika ni mkali kila siku, tena ukizubaa kidogo tu umekwisha. Mashine haina maneno mengi, dakika tano umemaliza, ila vipele vinakuja vilevile. Nataka nibaki na kimoja nikijue sawasawa. Halafu povu linanikaukia usoni kabla sijafika shavu la pili. Sijui ni sabuni au ni huu upepo wa Julai. Niko Dodoma, Area D.

Kinyozi Majengo
Mkuu, kazi hii ndiyo inayonilisha, mwaka wa kumi na moja huu. Nikuambie jambo ambalo vinyozi wengi hatulisemi: wembe wa kupachika tunautumia kwa sababu ya usafi, kila mteja na kipande chake kipya. Si kwa sababu ni mzuri wa kujifunzia. Ni mwembamba, hauna uzito, na zile kona zake mbili ndizo zinazochana watu. Wa babu yako una uzito wake, ukinolewa vizuri unakata wenyewe, kazi yako ni kuuongoza tu.

Sasa kidevu. Sijakuona lakini nadhani najua unachofanya. Shavuni ngozi ni bapa, mkono ukikaa vizuri mwanzo unakaa vizuri hadi mwisho. Ukifika kona ya kidevu uso unageuka, mkono wako haugeuki, mgongo wa wembe unanyanyuka na makali yanachimba. Fanya hivi: laza wembe ubapa kabisa kwenye ngozi, kisha nyanyua mgongo kidogo, uwazi uwe kama unene wa mgongo mara mbili, usizidi. Hapo uko nyuzi 30 au pungufu. Kidevuni piga vifupi vifupi, sentimita moja, simama, rekebisha mkono, endelea. Vuta mdomo wa chini uufunike kwenye meno ili ngozi ikaze. Mkono wa pili usikae bure, ndio unaovuta ngozi. Vidole vikiteleza, vishike shabu kwanza, ngozi haitakuponyoka.

Na usiusogeze wembe kwa ubavu kama unakata mkate. Kosa hilo halina msamaha.

Mtani wa Kondoa
Solingen? Basi babu yako kaupewa na Mjerumani wa reli huyo 😂

Mtu wa Mlimwa
Mkuu, reli imefika Dodoma kabla ya Vita ya Kwanza. Babu kazaliwa 1931. Huyo Mjerumani angemkuta wapi?

Fundi Ngozi
Solingen ni mji wa Ujerumani wa watu wa visu na nyembe, na hadi leo wanatengeneza. Tangu 1938 sheria yao inalinda jina hilo, si kila mtu anaruhusiwa kuligonga kwenye chuma. Kwa hiyo wembe wako unaweza kuwa wa miaka ya hamsini au sitini tu. Usiuze kwa mtu wa kwanza atakayekuja inbox.

Nirudi kwenye "siku nyingine unang'oa". Kama siku nyingine unakata vizuri, basi shida ni mkanda, ule wa ngozi wa kunyooshea makali. Nataka kujua, unausugua wembe kwenye ngozi hiyo kabla ya kunyoa, au unautoa kwenye kasha na kuanza? Makali ya wembe ule ni membamba mno, yakipambana na ndevu yanapindapinda kidogo, jicho halioni. Ngozi ndiyo inayoyanyoosha. Kila siku kabla ya kunyoa: mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma, wembe umelala. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo, mgongo usiachane na ngozi, unarudi. Ukiugeuzia upande wa makali umechana mkanda na umeua wembe kwa mpigo mmoja. Mimi napiga mara 20 kwenye kipande cha jinzi kuukuu kilichokazwa juu ya ubao, kisha 40 kwenye ngozi. Taratibu. Ile kasi ya kwenye sinema wachia wenyewe.

Mkanda wa suruali wenye mshono katikati usitumie. Ngozi ya ng'ombe, upana sentimita 7, urefu 45 hivi, fundi viatu yeyote anakukatia. Kuhusu jiwe la kunolea, kinoo cha visu vya jikoni usikisogelee na wembe huo. Kinoo hicho kinaacha makali kama msumeno. Namba ya jiwe ikipanda, jiwe ni laini zaidi: la namba 1000 ni la kuondoa mapengo, la kumalizia linaanzia 8000, na 12000 ni raha zaidi. Ukiutunza kwenye mkanda, jiwe utalihitaji mara chache sana kwa mwaka.

Mtu wa Mlimwa
Ngozi sijawahi kutumia hata siku moja. Nilikuwa naupangusa kwenye taulo 🙈

Mama Wawili
Nimepita tu, ndevu sina, lakini hilo la povu nalijua kutokana na kufua. Mimi kwetu Njombe. Nilipohamia hapa sabuni ilinishinda, unasugua mpaka unachoka na povu hakuna, linabaki kama utando. Maji ya visima vya Mzakwe yana chokaa. Angalieni birika zenu ndani, ule ukoko mweupe umetoka wapi? Mume wangu anachemsha maji, anayaacha yatulie, anachota ya juu tu. Chokaa nyingi inabaki chini. Masika anakinga ya mvua kwenye dumu, hayo sasa povu linapanda kama la bia.

Kinyozi Majengo
Mama kamaliza. Niongeze kidogo: miezi hii ya kipupwe hewa ni kavu, upepo unapiga, povu halikai. Paka upande mmoja, nyoa, ndipo upake wa pili. Usipake uso mzima ukadhani uko Dar. Na brashi ikae na maji kidogo, ukiona povu linapoteza mng'ao rudia kulowesha.

Kaka wa Tanga
Nyie shukuruni huo ukavu. Mimi wembe wangu wa chuma niliuacha bafuni wiki mbili, nimerudi una madoa ya kutu hadi kwenye makali. Huku lazima ufute, ukaushe, upake mafuta ya cherehani.

Mzee wa Mashine
Mnamzungusha kijana. Ana kazi, asubuhi anawahi daladala ya Mtumba, hizo mara 60 za mkanda atazipiga saa ngapi? Gillette alipata hataza ya mashine yake Marekani mwaka 1904 kwa sababu watu walichoka na hayo mambo ya kunoa. Mashine ina kizuizi, pembe imeshapangwa, pakiti ya nyembe tano haifiki bei ya sahani ya chipsi. Mimi miaka thelathini na tano natumia hiyo.

Kinyozi Majengo
Mzee shikamoo. Hatukatai. Ila yeye kaomba ajue kutumia wembe, na mashine imeshampangia kila kitu, haimfundishi mkono.

Mzee wa Mashine
Marahaba. Uso haujui kama umefundishwa.

Nesi wa Zamu
Kuhusu vipele, hapo mnabishana vifaa wakati tatizo ni ndevu zenyewe. Ndevu zetu zimejikunja. Ukizikata chini kabisa ya ngozi, ncha inapoota inajichoma upya ndani, ngozi inavimba. Kifaa chochote kitakupa vipele kama unarudia kinyume na zinavyoota. Pitisha vidole shingoni uone zinakwenda wapi. Shingoni mara nyingi haziendi chini moja kwa moja, nyingine zinakwenda pembeni kuelekea sikio. Nyoa kwa kuzifuata, mara moja, ukitaka mara ya pili pita kwa ubavu wa uotaji, basi. Ubaki na ukwaruzo kidogo, ndiyo bei yake. Vipele vikiwa vimeshatoka, pumzika wiki kadhaa, tumia mashine ya umeme ya saluni bila kugusisha ngozi.

Na kuhusu kushea wembe: virusi vya homa ya ini aina ya B vinaishi nje ya mwili siku 7 na zaidi. Wembe wa babu ni wako peke yako, hata mdogo wako asiuguse. Saluni, mwambie kinyozi avunje wembe mpya mbele yako.

Kinyozi Majengo
Nesi, mimi hata mteja asiposema naufungua mbele yake. Anayekuficha mkimbie.

Mtu wa Mlimwa
Mrejesho baada ya siku kumi na mbili. Shingo nimeiacha kabisa siku tisa, vipele vimetulia ingawa ofisini wananiita sheikh. Fundi viatu wa jirani kanikatia ngozi, nimeshaikata mara moja kwa kugeuza vibaya kama nilivyoonywa. Maji nachemsha usiku. Wa kupachika nimempa mdogo wangu, kishikio tu (nesi usinifokee, nyembe kanunua zake). Mashine naibakiza kwa asubuhi za kuchelewa, mzee kashinda nusu.

Wa babu bado unakwama sehemu moja katikati. Nikiuweka chini ya taa makali hapo yanameta kama uzi mweupe, kwingine hayaonekani.

Fundi Ngozi
Panapometa ndipo palipokufa. Makali mazima hayarudishi mwanga. Hapo mkanda hausaidii tena, linahitajika jiwe.

Kinyozi Majengo
Mawe ninayo, 4000 na 8000. Njoo Jumamosi mchana wateja wakipungua. Uje na ndevu za siku mbili, usinyoe kabla, na huo mkanda uliochanika uje nao.