Kanisa likikemea dhuluma, lianzie wapi?

Mleta mada:
Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi. Wapo Wakristo wa mrengo wa mageuzi wanaosema kanisa halitahuishwa kwa mikesha na mikutano ya injili peke yake. Litahuishwa siku litakapofungua mdomo kuhusu ujira wa mfanyakazi, wakimbizi, ubaguzi wa rangi na ufisadi. Wapo wanaowajibu kwamba hiyo ni siasa iliyovalishwa kanzu.

Msimamo wangu: kanisa lina wajibu wa kusema, ila lianze na nyumba yake. Tamko lisilomgusa aliyelitoa mimi silihesabu.

Chukueni Afrika Kusini. Wengi hudhani ubaguzi uliingizwa kanisani na serikali. Kwa Kanisa la Kiholanzi la Reformed, NGK, kanisa la Kiprotestanti lililoletwa na walowezi wa Kiholanzi, mambo yalianzia upande wa pili. Mwaka 1857, miaka 91 kabla apartheid haijawa sera ya serikali, sinodi yao ya Cape, yaani mkutano mkuu wa kanisa, iliruhusu waumini wasio Wazungu watengewe ibada. Cha kusikitisha, sinodi hiyo hiyo ilikiri kwamba Maandiko yanataka wote waabudu pamoja. Ikaruhusu utengano kwa sababu ya "udhaifu wa baadhi", yaani Wazungu waliokataa kushiriki Meza ya Bwana na wenzao. Udhaifu huo haukutibiwa, ulijengewa kanisa: mwaka 1881 likaanzishwa kanisa la misheni la peke yake kwa waumini wa rangi mchanganyiko.

Karne moja baadaye, kanisa hilo lililotengwa ndilo lililoandika Ungamo la Belhar, tamko la imani la kupinga utengano, mwaka 1982, na kulipitisha rasmi mwaka 1986. Na kabla ya kuwanyoshea kidole watawala, lilimgeukia mama aliyelizaa, NGK: kuwatenga waumini kwa rangi ni kuikana Injili. Mwaka huo huo wa 1982, muungano wa makanisa ya Reformed duniani ulikutana Ottawa, Kanada, ukatamka kwamba kuitetea apartheid kwa teolojia ni uzushi, ukasimamisha uanachama wa NGK. Kwangu mimi huo ni uamsho. (Ndugu zangu walokole mnisamehe, sijasema ule mwingine haupo.)

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hoja ina mashiko ila umechagua mfano mwepesi. Leo nani haulaani ubaguzi wa rangi? Kazi iko kwenye mambo ambayo waumini wenye nia njema wanatofautiana: kodi, mipaka, sheria za kazi. Huko askofu hana ufunuo wa kumzidi mchumi. Akisimama madhabahuni akasema Mungu anataka sera fulani, muumini asiyeiafiki aende wapi, ahame kanisa? Bwana alisema ufalme wake si wa ulimwengu huu. Na matunda tunayaona: kule Marekani makanisa ya Kiprotestanti yaliyojitosa kwenye mageuzi yanapoteza waumini tangu miaka ya 1960. Watu walikuja kutafuta wokovu, wakasomewa taarifa ya habari.

Mleta mada:
La takwimu tulimalize haraka. Southern Baptist, dhehebu la Kiprotestanti la kihafidhina huko huko Marekani, hakuna atakayewaita wa mrengo wa mageuzi. Mwaka 2006 walikuwa zaidi ya milioni 16. Kufikia 2023 wameshuka chini ya milioni 13. Basi tuache kuhesabu viti.

Sasa huo "wepesi" wa mfano. Dhehebu hilo lilizaliwa mwaka 1845 katika ugomvi wa kama mwenye watumwa anafaa kutumwa kuwa mmisionari. Lilikuja kuomba radhi mwaka 1995, miaka 150 baadaye. Mwaka 1845 utumwa ulikuwa miongoni mwa hayo mambo ambayo waumini wenye nia njema wanatofautiana! Na viongozi wanane wa dini waliomlaumu Martin Luther King kule Birmingham mwaka 1963 hawakuwa wahuni. Walisema tu maandamano yake ya kupinga ubaguzi wa rangi yamekuja wakati usiofaa. Naye akawajibu akiwa jela.

Kuhusu askofu na viwango vya kodi, nusu nakubaliana nawe. Lakini mwangalie Óscar Romero, askofu mkuu Mkatoliki wa San Salvador, nchini El Salvador. Hakuandika bajeti ya nchi. Kila Jumapili, katika mahubiri yaliyorushwa redioni, alitaja nani ameuawa wiki hiyo, nani amechukuliwa, na wapi. Alipigwa risasi akiadhimisha misa, tarehe 24 Machi 1980. Kutaja jina la aliyeuawa kunahitaji mchumi?

Mchangiaji wa pili:
Kaka zangu, nawasoma kimyakimya ila hapa niseme. Nimewahi kuwa mweka hazina wa usharika. Tulisomewa waraka mzuri kuhusu haki za wafanyakazi, kanisa zima likapiga makofi. Mlinzi wetu alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Mkataba hana, likizo hana. Siku ya ibada anaitwa mtumishi wa Bwana, siku ya malipo anaitwa wa kujitolea. Nilipolipeleka suala lake kwenye baraza niliambiwa nisichanganye ya kiroho na ya kidunia, na aliyeniambia ndiye aliyeusoma waraka. Someni Yakobo 5:4, ujira uliozuiwa unapiga kelele. Pale kwetu ulipigia kelele mlangoni.

Mchangiaji wa kwanza:
Dada yangu, hapo sina ubishi. Mlinzi alipwe, na hilo halihitaji mrengo wowote. Lakini umenisaidia hoja yangu: waraka uliwapa watu raha ya kujiona wenye haki, wakaenda nyumbani. Bora wangehubiriwa toba.

Mleta mada:
Toba ya nani? Waraka usisomwe mpaka mlinzi apate mkataba, hilo nakupa. Akishaupata, na kwenye benchi la mbele ameketi mzee wa kanisa ambaye kiwanda chake hakijalipa watu kwa miezi kadhaa, unataka waraka ubaki kabatini?

Mchangiaji wa kwanza:
Usomwe, tena akiwepo. Mhubiri aseme kuzuia ujira ni dhambi, aishie hapo. Akianza kupanga kima cha chini cha mshahara, mimi natoka nje.

Mchangiaji wa pili:
Na kima cha mlinzi wa kanisa atakipanga nani?