Programu ya ushirika wa maziwa: Kotlin, Flutter au React Native?

Kijana_wa_Njombe: Wakuu, naombeni ushauri. Tunaandaa programu ya makarani wanaopokea maziwa alfajiri. Mzani unatuma uzito kwa Bluetooth, programu inaandika, printa ndogo inatoa risiti. Simu ni Android za bei nafuu, RAM GB 2, na vituo vingine havina mtandao mpaka jioni. Baadaye uongozi unataka wafugaji nao waone hesabu zao kwenye simu, na wachache wana iPhone. Twende na ipi?

FundiSimu: Kwa makarani, Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android moja kwa moja. Kazi yako yote iko kwenye Bluetooth, na huko ndiko kwenye shida. Tangu Android 12, kutafuta kifaa na kuunganishwa nacho vina ruhusa zake. Matoleo ya nyuma yalidai ruhusa ya mahali ulipo ili kutafuta. Ukitumia Flutter, zana ya kujenga programu ya Android na iPhone kwa msimbo mmoja, unategemea plagini (kipande cha msimbo cha kuongezea) ya mtu, na akiacha kuitunza utaandika Kotlin hiyohiyo chini ya Dart, lugha ya Flutter. Mzani ukikatika foleni ikiwa ndefu, unataka kuliona kosa lenyewe.

DadaDart: Kaka, kipande hicho cha Kotlin ni kidogo tu, na Flutter inakuruhusu kukiita. Skrini zote zilizobaki unaandika mara moja. Flutter inachora kila kitufe yenyewe, kwa hiyo itel na iPhone zinaonyesha kitu kilekile. Timu ya watu wawili haiwezi kutunza Kotlin na Swift (lugha ya programu za iPhone) kwa pamoja, watachoka mapema.

FundiSimu: Kwa upande wa wafugaji nakubaliana nawe kabisa. Karani ndiye ninayemhofia.

MzeeWaSeva: React Native, ambayo nayo inajenga programu ya Android na iPhone kwa pamoja ila kwa JavaScript, ifikirieni kama tayari mnaijua lugha hiyo, vinginevyo msihangaike. Mkitaka kupokea malipo kwa simu, yasiwape presha: ombi la STK, yaani la kumtaka mtu athibitishe malipo, linatoka kwenye seva, simu inaletewa tu dirisha la kuweka PIN, hata kama programu haipo. Ila msidhani Flutter inawaepusha na gharama za Apple. Bado mtahitaji Mac ya kujengea programu, na akaunti ya dola 99 kila mwaka. Google Play ni dola 25 mara moja. Tena angalieni nani anaitunza zana mnayochagua. Waliojenga kwa Xamarin, zana nyingine ya aina hii, walikatiwa huduma na Microsoft Mei 2024.

Kijana_wa_Njombe: Asanteni sana. Basi zitakuwa programu mbili: ya makarani kwa Kotlin, data ikikaa kwenye Room, hifadhidata ya ndani ya simu, hadi mtandao urudi, na ya wafugaji kwa Flutter, isome tu kutoka kwenye seva. Vipi kuhusu printa?

FundiSimu: Nyingi za risiti zinaelewa ESC/POS, amri za kuchapia risiti. Muhimu ni mpangilio: uzito uhifadhiwe kwanza, ndipo uchape. Karatasi ikiisha katikati, maziwa ya mfugaji yawe yameshaandikwa.