Naomba ushauri: wanafunzi wanashindwa kutafuta makala za utafiti

Habarini wadau, naombeni msaada wenu. Nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kutafuta makala kwenye databesi kama PubMed (ya afya na tiba) na ERIC (ya elimu) na kwa kweli nimekwama, maana wao wanaandika swali zima kama wanaongea na mtu. Juzi binti mmoja kaingiza sentensi ndefu kuhusu pumu na usingizi wa watoto, majibu sifuri, akaniambia "mwalimu, mada yangu haijafanyiwa utafiti". Iliniuma. Tukakaa, tukaigawa vipande vitatu, kila kipande tukakitafutia visawe, visawe tukaviunganisha kwa OR (yaani "au") ndani ya mabano halafu vipande kwa AND (yaani "na"), makala zikamiminika mpaka akashtuka.

Sasa nikiwa nae pembeni anaelewa, ila darasa zima wiki iliyofuata wamerudi kulekule, na alama za kunukuu (za kutafuta maneno yakiwa pamoja vilevile) au kinyota cha mwisho wa neno (cha kuleta miisho yote ya neno) ndo hata hawagusi kabisa.

Nyie mnaanzia wapi? Mnawaandikisha visawe kwenye karatasi kwanza kabla ya kompyuta, au mnawaacha wakosee wenyewe kwanza?