Kulala kwenye hamoki wakati wa baridi: mkeka wa sponji au blanketi la kufunga chini?

Mtembezi_Sakina (Arusha)
Habari zenu wanajukwaa. Mwezi wa saba natarajia kulala nje siku tatu pamoja na binamu zangu wawili, na safari hii nimeamua kuacha hema nitumie hamoki niliyonunua mwaka jana, yaani kile kitanda cha kitambaa cha kuning'iniza kati ya miti miwili. Mfuko wa kulalia ninao, tena mzito. Hata hivyo naambiwa kwamba bila kitu cha ziada mgongoni nitapata tabu. Nimebaki na njia mbili: kununua mkeka wa sponji wa kukunja, ule ambao wapagazi huufunga juu ya mizigo, au kuagiza blanketi maalumu la kufunga kwa nje, chini ya hamoki, ambalo bei yake ni zaidi ya mara sita ya mkeka. Fedha yangu inatosha kitu kimoja. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kulala hivyo, kwa sababu kesho kutwa muuzaji anataka jibu.

Mzee_wa_Mandara (Marangu)
Kijana, hujatuambia unakwenda kulala wapi, na bila hilo kila jibu litakuwa la kubahatisha. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 6. Kule Mlima Kilimanjaro, kwenye njia ya Marangu, kibanda cha Mandara kiko mita 2,720 na cha Horombo mita 3,720, na aliyelala vyote viwili kwa usiku wa kufuatana hahitaji kuelezwa tofauti yake. Kulala kando ya Ziwa Chala ni jambo moja, kulala karibu na msitu wa mlima ni jambo lingine kabisa. Vilevile sema kama hamoki yako ina tabaka moja la kitambaa au mawili, kwa sababu mkeka hukaa vizuri ukiingizwa katikati ya matabaka mawili, na kwenye tabaka moja huhama usiku kucha.

Bibi_Kahawa (Moshi)
Naomba nieleze yaliyonipata, labda yatamsaidia. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa sita, nililala kwenye hamoki katika shamba la ndugu zangu juu ya Machame. Nilikuwa na mfuko wa kulalia ambao muuzaji aliniapia kwamba unafaa hata pale maji yanapoganda, na sikuona sababu ya kubeba kitu kingine. Saa nne usiku nilikuwa na joto zuri. Saa nane niliamka mgongo ukiwa baridi kama niliyelalia bati lenye umande, ilhali kifua na tumbo vilikuwa na joto kamili. Nilivaa sweta mbili na bado niliendelea kutetemeka, kwa sababu baridi haikuwa ikitoka juu.

Usiku wa pili niliazima mkeka wa sponji. Ulikuwa na upana wa sentimita 50 hivi, na hamoki ilipojikunja kunizunguka, mabega yangu yote mawili yalibaki nje ya mkeka. Kila nilipogeuka uliteleza kuelekea miguuni, nami nikawa naamka kuuvuta. Ilipofika alfajiri nguo za mgongoni zilikuwa zimelowa, nikadhani mvua imepenya turubai, kumbe ni jasho langu mwenyewe, kwa sababu sponji ile haipitishi hewa. Nilirudi Moshi na mafua yaliyochukua wiki nzima.

Sababu yake unaweza kuiona ukiwa nyumbani. Tandaza mfuko wako juu ya kitanda, kisha uukandamize kwa kiganja: utagusa ubao wa kitanda kupitia kitambaa. Kinachotunza joto ni hewa iliyotulia ndani ya ile pamba, na uzito wa mwili wako unapoikamua hewa hiyo, chini yako hubaki nguo tupu, na upepo unapita. Blanketi la kufunga nje halikandamizwi na mtu, na kwa hiyo hubaki limejaa hewa. Mimi nakushauri blanketi, hata kama itakubidi uahirishe safari ukusanye fedha.

Mtembezi_Sakina
Shikamoo Mzee, shikamoo Bibi. Nisameheni kwa kuacha mambo ya msingi. Tutalala shambani kwa mjomba, Marangu ya juu, karibu kabisa na mpaka wa msitu. Hamoki ni ya tabaka moja. Turubai ninalo.

Mzee_wa_Mandara
Marahaba. Basi jambo la kwanza kuuliza ni miti. Mashamba ya huko ni migomba na kahawa, na mgomba haubebi mtu. Mwulize mjomba kama ana mringaringa au migrivea miwili iliyokomaa, iliyo umbali wa hatua tano au sita. Kama hana, utalala chini, na hapo blanketi la kuning'iniza litakuwa halina kazi, lakini mkeka utakufaa. Ndiyo maana mimi bado natetea mkeka: unaulalia popote, hauogopi mvua, na ukichoka kutembea unaukalia.

Shuka_Mbili (Monduli)
Kwetu tunalala nje na mifugo na hatujawahi kuagiza kitu chochote cha gharama. Chukua mashuka mazito mawili, jifunge moja na lingine ulitandike ndani ya hamoki. Yatatosha.

Bibi_Kahawa
Ndugu yangu, naheshimu uzoefu wako, lakini ninyi mnalala ardhini, na kando ya moto. Ardhi haina upepo unaopita chini ya mgongo. Shuka lililotandikwa ndani ya hamoki litakandamizwa kama mfuko wangu ulivyokandamizwa.

Shuka_Mbili
Basi alifunge kwa nje, kama hilo blanketi lenu.

Bibi_Kahawa
Akilifunga kwa nje atazuia upepo kidogo, hilo nakubali. Kwa Marangu ya mwezi wa saba silioni likitosha.

Daktari_wa_Cherehani (Arusha)
Kuna njia ya tatu ambayo hamjaitaja. Nenda Soko la Memorial pale Moshi, tafuta mfuko wa kulalia wa mtumba ambao zipu yake inafunguka mpaka miguuni. Ufungue wote uwe kama blanketi, kisha fundi akushonee mfereji kwenye kingo mbili ndefu na kupitisha lastiki inayofungwa kwenye kamba za hamoki. Nimewashonea watu wawili. Sharti ni moja, kwamba liguse mgongo wa hamoki bila kubanwa. Likilegea, hewa baridi huingia katikati na umefanya kazi bure. Likibanwa sana, pamba inalala na unarudi kwenye tatizo la mwanzo. Jaribu kwa kulala ndani huku mwenzako akipitisha mkono kati ya vitambaa.

Tengeru_Juu
Chagua lenye pamba ya sintetiki, usichukue la manyoya ya bata. Manyoya ni mepesi na yana joto zaidi kwa uzito uleule, lakini yakilowa yanashikamana na kupoteza kazi yake, na upande wa kusini wa mlima una ukungu wa kutosha kulowesha kitu hata pasipo mvua.

Mzee_wa_Mandara
Hapo sikubaliani. Manyoya yakitunzwa chini ya turubai lililofungwa chini vizuri hayalowi, na nimewaona wageni wakiyatumia miaka yote. Linalolowesha ni uzembe wa kufunga turubai juu sana, upepo ukaingiza manyunyu kwa pembeni.

Tengeru_Juu
Mzee, wageni hao hulala ndani ya hema au kibanda. Blanketi la hamoki liko wazi nje, upande wa chini, ambako manyunyu yanaruka kutoka ardhini.

Mtembezi_Sakina
Nimempigia mjomba. Miringaringa ipo miwili, ila kati yake kuna mfereji wa maji, na hajapima umbali. Muuzaji nimemwomba anisubiri hadi Jumatatu. Jumamosi nitakwenda Memorial na binamu yangu, na usiku huo nitalala uani na mkeka wa kuazima nione mabega yanavyokaa, ingawa najua baridi ya mtaa wetu wa Sakina, hapa Arusha, si ya Marangu. Daktari wa Cherehani, lastiki ya upana gani inafaa, na je, fundi wa kawaida wa mtaani anaweza kushona kitambaa laini namna ile bila kukichana?