Kanisa la mawe la wakati wa misheni: umri wake na lipu inayobanduka

Katekista_Masasi
Habari zenu ndugu. Kanisa letu la Anglikana, nje kidogo ya Masasi mjini, ni la mawe. Wazee wanasema limesimama tangu 1876. Tuhakikishe vipi kabla ya kuchonga kibao? Pili, lipu ya saruji chini ya madirisha inabanduka na viungo vya mawe nyuma yake vinamung'unyika kama unga. Tupige nyingine yenye saruji nyingi zaidi?

Kumbukumbu_Kusini
1876 ni mwaka ambao Askofu Edward Steere wa UMCA (misheni ya Kianglikana toka Uingereza) aliwaleta Masasi watumwa walioachwa huru kutoka Unguja, kwa njia ya Lindi. Ni mwaka wa makazi, si wa ukuta. 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, walivamia, na 1905, wakati wa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, misheni ilichomwa moto. Dayosisi yenyewe ni ya 1926, chini ya Askofu Vincent Lucas. Jengo lolote linalodaiwa kutangulia 1905 linahitaji ushahidi mzito.

Daftari la ubatizo litakuonyesha umri wa usharika tu, kwa hiyo usome ukuta wenyewe. Nenda pale patakatifu panapokutana na ukumbi wa waumini. Mawe yakiwa yamefumana, vilijengwa pamoja. Ukiona mstari wima toka juu hadi msingi, kimoja kiliongezwa. Kisha chokonoa kiungo kwa kina cha sentimita 5, maana juu juu utakuta saruji ya ukarabati. Udongo mwekundu, au chokaa yenye punje nyeupe, ndiyo kazi ya mwanzo.

Fundi_Chokaa
Katekista, usiongeze saruji hata kidogo! Ukuta huo hupumua. Unyevu hupanda toka ardhini, saruji inauzuia usitoke, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuvunja viungo. Kwanza chimba udongo uliorundikana nje mpaka uwe sentimita 15 chini ya sakafu. Bandua saruji taratibu kwa patasi, usipige nyundo nzito. Acha ukuta ukauke.

Lipu mpya: ndoo 1 ya chokaa iliyolowekwa, ndoo 3 za mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani una chumvi, uache hukohuko. Kama unaloweka chokaa mbichi (iliyochomwa, ambayo haijaguswa na maji) mwenyewe, mimina chokaa kwenye maji, kamwe si maji juu ya chokaa, kwa kuwa huchemka na kuruka, vaa miwani. Iache chini ya maji miezi 3. Lowesha ukuta, piga tabaka la milimita 10, la pili baada ya la kwanza kushika. Funika kwa magunia yenye unyevu wiki nzima. Ikikaushwa na jua itapasuka. Anza baada ya mvua kukatika, Mei au Juni.

Katekista_Masasi
Asante sana, wakuu. Na kenchi, yaani mbao zinazobeba paa?

Fundi_Chokaa
Choma kwa bisibisi ncha za boriti zinazoingia ukutani. Mchwa huanzia hapo, na kwa nje mbao huonekana nzima.