Tupeane uzoefu: ukihamisha familia nzima kwenda kazini nje ya nchi, pesa inaishia wapi?

Mama Watatu, Chikongola, Mtwara

Habari za jioni, wanakusini wenzangu. Mume wangu ni fundi wa mitambo ya gesi, na mwezi uliopita kapata kazi Oman. Mshahara ukiugeuza kuwa shilingi unatia moyo kweli. Mama mkwe anasema twende wote, familia isikae vipande vipande. Kaka yangu aliyeko Masasi anasema aende mwenyewe kwanza. Watoto ni 3, mkubwa yuko darasa la sita.

Nimenunua kaunta buku, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nimeandika kinachoingia, kulia kinachotoka. Kushoto kuna mstari mmoja tu, mshahara. Kulia nimeanza na pasipoti 5 kwa shilingi 150,000 kila moja, ambazo ni 750,000 na bado hatujatoka hata Mtwara. Halafu vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa, kuvitafsiri Kiarabu, mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje na ya ubalozi, basi la kwenda Dar na kurudi, mahali pa kulala huko. Baada ya hapo kalamu imesimama, sijui niandike nini.

Waliowahi kuhama na mke, mume au watoto naomba waseme walichokiona kwa macho yao. Ya kusikia ninayo mengi. Karibuni, tiririkeni.

Mlindi wa Muscat

Dada, hongera kwa shemeji. Mimi ni mtoto wa Lindi mjini, nipo Muscat na familia tangu 2016.

Nianze na riali, maana ndiyo iliyonichanganya mwaka wa kwanza wote. Riali moja ni kama dola 2 na senti 60. Unaingia dukani, kitu kimeandikwa riali 4, moyo wako uliozoea maelfu unasema hii ni chenji. Ukitoka umebeba mifuko miwili na umeacha pale pesa ya wiki nzima ya nyumbani. Mke wangu ndiye aliyelitibu hilo. Alibandika karatasi kwenye mlango wa friji, riali 1 hadi 20, kila moja na shilingi zake pembeni. Tulikaa nayo mpaka wino ukafifia.

Mshahara hapa haukatwi kodi ya mapato, hilo ni kweli. Lakini usidhani utabaki wote. Kuna shule. Shule za serikali zinafundisha kwa Kiarabu, kwa hiyo wageni wengi tunapeleka watoto shule binafsi. Zile za kimataifa za Kiingereza ada yake ni nzito mno. Wengi wetu tumeangukia shule za Kihindi, ambazo ada yake inabebeka na masomo ni mazuri. Kumbuka tu mwaka wao wa masomo unaanza Aprili, si Januari kama kwetu. Sisi hatukulijua hilo. Tulifika Juni, binti yangu akakaa nyumbani miezi anaangalia ukuta.

La pili ni joto. Kuanzia Mei hadi Septemba kiyoyozi hakizimwi, usiku na mchana. Mtwara tukisema leo kuna joto tunatoka nje tunakaa chini ya mwembe. Huku nje ndiko kwenye moto, na bili ya umeme ya Julai si ya Januari. Kwa sababu hiyo hiyo na gari linakuwa lazima, huwezi kumtembeza mtoto kwa miguu saa saba mchana.

Faraja ipo. Kiswahili kinasikika sana mjini hapa, hasa kwa Waomani wenye asili ya Zanzibar. Friji letu la kwanza, hilo la karatasi, tulipewa na mama mmoja tuliyekutana naye soko la samaki la Mutrah, alipotusikia tunalumbana bei ya nguru kwa lafudhi ya kwetu.

Shemeji kabla hajatia saini aulize mambo matatu: tiketi ya likizo ni ya nani na nani, bima ya afya inamhusu nani, na kama kuna posho ya shule.

Mdau wa Nanyamba

Mama Watatu, samahani nikuulize. Nyumba wanampa au wanampa posho ya nyumba?

Mama Watatu

Nimemuuliza sasa hivi, kasoma tena. Nyumba ipo, ila ni chumba cha kukaa na wafanyakazi wenzake. Familia haikutajwa popote. Tiketi ni yake peke yake.

Mlindi wa Muscat

Basi hesabu yako ya kushoto siyo hiyo uliyoandika, dada. Toa kodi ya nyumba ya watu 5 humo kwanza, ndipo uanze kusoma mshahara.

Sista wa Nachingwea, yuko Uingereza

Poleni na majukumu. Mimi ni muuguzi, nipo kaskazini mwa Uingereza na mume na watoto 2. Niliomba kazi mwenyewe moja kwa moja, sikupitia wakala, kwa sababu Tanzania ipo kwenye orodha ya nchi ambazo waajiri wa huku hawaruhusiwi kuzifuata kuchukua wahudumu wa afya.

Nitasema ya kwangu kwa namba. Mtihani wa vitendo wa kusajiliwa ni pauni 794. Visa ya wahudumu wa afya ilituondolea ada ya afya, nashukuru, maana wenye visa nyingine za kazi wanalipa pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kila mwaka, na inalipwa yote kabla hujasafiri. Familia kama yetu kwa visa ya miaka 3 ingekuwa pauni 10,866. Wanaotaka kuja kutunza wazee majumbani wakumbuke pia kwamba tangu Machi 2024 visa ya kazi hiyo haikuruhusu tena kuja na mume wala watoto, na tangu Julai 2025 imefungwa kwa wanaoomba wakiwa nje.

Mshahara wangu wa kuanzia ulikuwa pauni 29,970 kwa mwaka. Niliwatangazia wazazi namba hiyo, na ninajuta. Ikikatwa kodi, bima ya taifa na pensheni, kwenye akaunti ilikuwa inaingia kama 1,900 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba 2 ilikuwa 850. Kwenye dhamana sheria ya England inamzuia mwenye nyumba kudai zaidi ya kodi ya wiki 5, kwa hiyo haikuwa kama kwetu, lipa miezi sita ndipo upewe ufunguo. Ila kuna kodi ya halmashauri inayolipwa na mpangaji, na sikuwa nimeiweka kwenye hesabu kabisa.

Mita ya gesi ipo chini ya ngazi, unaichomekea kadi uliyokwenda kuijaza dukani, kama LUKU. Januari ile ya kwanza nilikuwa natoka zamu usiku, napiga magoti pale na tochi ya simu kabla hata sijavua koti, nasoma imebaki ngapi. Pauni 3 na senti 40. Nafanya hesabu: nikiwasha sasa hivi watoto wataamkia baridi, nikiacha mpaka alfajiri nitalala na koti. Nililala na koti mara nyingi.

Lakini kilichotukamua zaidi ni mtoto mdogo. Mkubwa aliingia shule ya serikali, hailipiwi, na madarasa yale ya mwanzo wanapewa na chakula cha mchana. Mdogo alikuwa na miaka 2. Kituo cha kulelea watoto kilitaka kwa mwezi zaidi ya kodi ya nyumba. Mume wangu akatafuta kazi ya usiku ghalani. Mimi mchana, yeye usiku. Tulikuwa tunapishana mlangoni, yeye anavua viatu, mimi navaa vyangu, tunakabidhiana mtoto. Miezi 11 tuliishi hivyo.

Nachingwea mtoto yule alikuwa analelewa na mama yangu. Sikuwahi kuandika hilo kwenye matumizi kwa sababu halikuwa na bei. Kisamvu kilikuwa nyuma ya nyumba. Muhogo unatoka shamba. Mwanangu akiumwa usiku, jirani anakuja bila kuitwa. Mama Watatu, kwenye daftari lako andika na vitu visivyo na bei hapo ulipo, kwa sababu utakapofika kila kimoja kitapewa bei, na vingine havitapatikana kwa bei yoyote.

Fundi wa Masasi

Dubai, miaka 4, nimerudi. Mwajiri aliniambia nina haki ya kumleta mke, na sheria ni kweli, ukifikisha mshahara wa dirham 4,000, au 3,000 na nyumba. Lakini kuruhusiwa kuleta na kuweza kulisha ni mambo mawili.

Nyumba kule kodi inahesabiwa kwa mwaka na unatoa hundi. Niliyopata mimi ilikuwa 60,000 kwa hundi 4. Siku ya kuingia nikatoa 15,000 ya robo mwaka, 3,000 dhamana, 3,000 dalali, 2,000 amana ya umeme na maji. Dirham 23,000 siku moja, na ndani hakuna hata godoro. Kisha kila mwezi kwenye bili ya umeme kuna ada ya nyumba, asilimia 5 ya kodi ya mwaka imegawanywa kwa miezi 12, kwangu 250. Bima ya mke na mtoto ni juu yako uliyewaleta. Nilikopa kwa ile siku moja, na deni lake nililibeba mwaka mzima na nusu. Mwenye pesa ya kuingilia mkononi anaishi vizuri Dubai. Asiyenayo anakuwa anaufanyia kazi ule mlango.

Mmakonde wa Newala

Mimi sikwenda mbali, nilivuka Ruvuma tu. Nilifanya kazi Palma, Msumbiji, mke na watoto tukiwa nao. Watu wakaniambia kule si nje, ni kwa ndugu zetu. Lugha ya nyumbani ni ile ile kweli, lakini shule ni Kireno, na vitu vingi dukani vilikuwa ghali kuliko Mtwara. Machi 2021 mji uliposhambuliwa tuliondoka na tulichovaa. Vitu vyote vya ndani, kodi tuliyolipa mbele, vikabaki.

Kilichotufikisha Newala ni pesa mke wangu aliyokuwa ameshona kwenye pindo la kanga, nauli ya watu wote, ambayo mimi nilikuwa nimemwambia aitoe tununue kitanda. Dada, nauli ya kurudi, ya vichwa vyote 5, iwekeni kabla ya chochote na msiiguse.

Mama Watatu

Nimewasoma wote, na mume wangu nimemsomea kwa sauti. Sista, ile ya mlangoni imenitoa machozi. Fundi, poleni sana na deni. Kaka wa Newala, nitaonana na mkeo nikifika huko, nataka kumshika mkono.

Tumekaa na mama mkwe jana usiku. Nilimsomea ukurasa mpya niliofungua. Namba 1 ni yeye mwenyewe, anawashika wadogo wawili nikienda kazini. Namba 2 kisima. Namba 3 muuza samaki wa Mikindani anayetukopesha mpaka mwisho wa mwezi. Namba 4 mikorosho 40 ya Tandahimba, ambayo msimu ukifika ndiyo ada na sare. Alikaa kimya, akasema, "Basi atangulie."

Atatangulia. Atalala na wenzake kwenye chumba chao, na tumekubaliana kila mwezi sehemu ya mshahara iende kwenye mambo mawili tu: pesa ya kuingilia nyumba, na nauli ya kurudi ya watu 5. Mimi nabaki na watoto, mkubwa amalize la saba Septemba mwakani.

Kaka wa Muscat, nisaidie hapa. Akimaliza Septemba, halafu shule zile zinaanza Aprili, nianze lini kuomba nafasi? Na wanataka cheti gani kutoka huku?